Kipupwe na Dirisha Lililofungwa

Kila inapokaribia Juni, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa kipupwe, na watu wa Makete, Njombe, Mbeya na Lushoto huanza kutoa makoti sandukuni. Ng'ambo ya mpaka, Limuru, Kinangop na Nyahururu hupata baridi yao katika miezi hiyohiyo, Juni hadi Agosti. Kule juu kabisa, kama Kitulo, kuna alfajiri ambazo umande huganda juu ya majani. Ndiyo miezi ambayo mzazi mwenye mtoto mdogo husimama mbele ya kaunta ya duka la dawa na kuuliza: nimpe nini cha kumwongezea kinga? Muuzaji hakosi jibu. Rafu nzima imejaa sirapu za vitamini, mafuta ya samaki na vichupa vyenye picha ya mtoto aliyenona akicheka. Hoja ya makala haya ni kwamba swali lenyewe limekaa vibaya. Kinga ya mtoto hainunuliwi Juni kwa matumizi ya Julai. Hujengwa kwa miezi na miaka, tena kwa njia ambazo hakuna anayezitangaza redioni, na msimu wa baridi unapofika mara nyingi ni sisi wenyewe tunaoibomoa kwa yale tunayoyafanya ili kuikimbia baridi. Tunafunga madirisha, tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunanawa kwa shingo upande, tunaahirisha kliniki, tunamfunika mtoto hadi jua lisimwone. Baridi ina makosa yake, na tutayaona, lakini tunaitwisha mengi ambayo si yake.

Tuanze na kinga yenyewe. Mtoto huzaliwa akiwa na kingamwili alizopewa na mama yake kupitia kondo la nyuma, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na ndiyo sababu njiti huja duniani akiwa na akiba ndogo zaidi. Akiba hiyo hupungua wiki hadi wiki, na mtoto anapofikisha takriban miezi 6 sehemu kubwa imekwisha. Maziwa ya mama huziba pengo kwa namna nyingine: yana kingamwili zinazotanda kwenye utando wa koo na utumbo na kuzuia vijidudu visishike. Wakati huohuo mwili wa mtoto unajifunza. Kila kirusi cha mafua kinachopita kinaacha kumbukumbu, na kwa kuwa virusi vya mafua ni vya aina zaidi ya 100, masomo hayaishi mapema. Mtoto mwenye afya njema wa chini ya miaka mitano anaweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na anayeanza chekechea akapita hapo. Mzazi akihesabu atasema mtoto wangu kila mwezi anaumwa, kinga yake imeshuka. Mara nyingi haijashuka hata kidogo. Inafanya kazi yake, na makamasi, kikohozi na homa ni sehemu ya kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo neno "kuongeza" linapotosha. Kinga si debe ambalo maji yakipungua unajaza. Ni mfumo wenye sehemu nyingi zinazochungana, sehemu moja ikiwasha, nyingine ikizima. Ikizidi kuwaka pasipostahili, tunapata pumu, mzio na magonjwa ambayo mwili hujishambulia wenyewe. Hakuna daktari anayetaka kinga "zaidi" kwa mtoto mwenye pumu. Anachotaka ni kinga iliyolishwa, iliyofundishwa na isiyochoshwa bure. Kulisha ni kazi ya chakula, kufundisha ni kazi ya chanjo, na kutoichosha ni kazi ya hewa safi, mikono safi na usingizi. Mambo hayo ni ya mwaka mzima. Kipupwe huja tu kutahini kilichokwisha kufanyika.

Hapa bibi atauliza, na ana haki: kama baridi haina kosa, mbona mafua hujaa Julai? Watafiti wamelifukuzia swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1968 huko Texas, wafungwa waliojitolea waliwekewa kirusi cha mafua puani, wengine wakakalishwa kwenye baridi, wengine kwenye joto la kawaida. Waliopigwa na baridi hawakuugua zaidi ya wenzao. Jambo likaonekana limekwisha. Kisha mwaka 2005, Cardiff huko Wales, watu 90 waliingiza miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20 na wengine 90 wakaketi na miguu yao kwenye beseni tupu. Katika siku nne au tano zilizofuata, 13 wa kundi la kwanza walisema wana mafua, dhidi ya 5 wa kundi la pili. Hakuna aliyewekewa kirusi, kwa hiyo maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba baridi huenda inaamsha maambukizi yaliyokwishaingia kimyakimya. Mwaka 2015 watafiti wa Yale, wakitumia seli za njia ya hewa za panya, walionyesha kwamba kirusi cha mafua huzaliana vizuri zaidi kwenye joto la pua iliyopoa kuliko kwenye joto la ndani ya mwili, kwa sababu seli zilizopoa hujihami kivivu. Bibi basi hakukosea kabisa. Pua baridi ni mlango ulioegeshwa.

Lakini mlango ulioegeshwa hauibi kitu mpaka mwizi apite, na mwizi hapa hutoka kwenye pua na mikono ya watu wengine. Ushahidi mzuri kuliko yote uko pwani yetu wenyewe. Kuna kirusi kiitwacho RSV, ambacho kwa watoto wachanga husababisha uvimbe wa vijia vidogo vya mapafu na kuwafikisha wengi hospitalini. Ulaya na Marekani ya Kaskazini kinajulikana kama ugonjwa wa majira ya baridi. Kilifi, ambako watafiti wamekifuatilia kwa miaka mingi, mara nyingi huanza kupanda kuelekea mwisho wa mwaka na kushamiri katika miezi ya kaskazi, wakati watu wanajipepea kwa makuti. Kirusi ni kilekile, mapafu ni yaleyale, joto ni kinyume kabisa. Kama baridi ndiyo ingekuwa mama wa magonjwa ya kifua, watoto wa Kilifi na Dar es Salaam wangepona kwa kuzaliwa karibu na bahari.

Yupo mtoto mmoja ambaye hoja hii haimhusu, naye ni mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Huyo baridi ni adui yake wa moja kwa moja, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba, hana mafuta ya kutosha na hawezi kutetemeka ili apate joto. Mwili wake ukipoa, sukari hushuka, pumzi hulegea na maambukizi hupata nafasi. Dawa yake iliyothibitishwa ni kifua cha mama. Utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, matokeo yake yakatolewa 2021, uliwahusu watoto waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Waliowekwa ngozi kwa ngozi na mama tangu mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12 katika siku 28 za kwanza, dhidi ya asilimia 15.7 ya wale waliosubiri hadi hali zao zitulie kwanza. Watoto hao waliwekwa kifuani, si kando ya jiko. Shirika la Afya Duniani linashauri pia kuchelewesha kuogesha mchanga kwa saa 24, ushauri ambao kwa mzazi wa Makete mwezi Julai hauhitaji kusisitizwa mara mbili.

Sasa turudi chumbani kwa mtoto mkubwa kidogo. Jua likizama, mlango unafungwa, dirisha linazibwa kwa gunia au kwa nguo, na jiko la mkaa lililokuwa uani linaingizwa ndani. Watu watano au sita wanalala kwenye hewa ileile hadi asubuhi, mmoja wao akikohoa. Chumba hicho kina joto, lakini kila anachotoa anayekohoa kinabaki humo, na virusi vya njia ya hewa hupenda nafasi kama hiyo kuliko kitu chochote. Kisha kuna mkaa. Mkaa hautoi moshi mwingi wa kuonekana, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokamata damu na kuizuia kubeba oksijeni. Katika chumba kilichozibwa huua familia nzima usingizini, na karibu kila msimu wa baridi magazeti ya Kenya na Tanzania huandika habari ya namna hiyo. Isipoua, inachosha, inaumiza kichwa, na mtoto huamka mlegevu, watu wakisema ni baridi imempiga. Kuni nazo huleta chembechembe laini zinazoshuka hadi chini ya mapafu na kudhoofisha seli zinazosafisha njia ya hewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani inahusika na karibu nusu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vinavyotokana na maambukizi ya mapafu.

Msomaji makini atasema: subiri kidogo, majaribio ya majiko hayakuonyesha hivyo. Ni kweli, na waandishi wengi wa afya hulipita jambo hili haraka. Guatemala, mwaka 2011, majiko yenye dohani yalipunguza nimonia kali kwa takriban theluthi moja, ila nimonia kwa jumla haikupungua kwa kiwango cha kuthibitika. Malawi, mwaka 2017, majiko banifu yaligawiwa katika utafiti uliohusu watoto zaidi ya 10,000, na nimonia haikupungua. Kisha ukaja utafiti wa majiko ya gesi katika nchi nne, Rwanda ikiwemo, wenye kaya takriban 3,200. Moshi aliovuta mama na mtoto ulipungua sana, lakini matokeo yaliyotolewa 2024 hayakuonyesha upungufu wa nimonia kali kwa watoto wa mwaka wa kwanza. Nayasoma matokeo hayo kwa unyenyekevu. Yanasema kwamba kubadilisha jiko peke yake si chanjo, na kwamba anayeuza jiko kama kinga ya nimonia anaahidi kuliko alivyo navyo. Lakini majaribio hayo yalilinganisha upishi na upishi kwa mwaka mzima. Hayakupima usiku wa Julai kwenye chumba kilichozibwa chenye jiko la mkaa katikati, na hakuna anayehitaji jaribio kujua kaboni monoksaidi hufanya nini. Tena moshi una madhara mengine yasiyobishaniwa, kwa macho, kwa moyo wa mama, kwa pumu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Mtoto wa msimu huu, hata hivyo, anahitaji jambo dogo zaidi: mkaa ubaki nje, na dirisha liachwe wazi upana wa viganja viwili.

Dirisha wazi Njombe mwezi wa saba? Pingamizi hili lina uzito, hasa kwa nyumba yenye dirisha moja na blanketi moja. Jibu ni kwamba joto la mwili na joto la chumba ni vitu viwili. Mtoto aliyevaa sweta, soksi na kofia, akalala karibu na mwenzake chini ya blanketi, hupata joto la kutosha huku uso ukipata hewa mpya. Nguo mbili nyepesi, moja juu ya nyingine, huhifadhi joto kuliko moja nzito. Ukifunga dirisha la upande wa upepo na kuacha la upande wa pili, au ukaacha uwazi chini ya paa, hewa inazunguka bila kumpuliza mtoto. Na pale ambapo usiku hauvumiliki, chumba kifunguliwe mchana kutwa, mablanketi yaanikwe, na anayekohoa alale mbali na mtoto kadiri nyumba inavyoruhusu. Mtoto mchanga anayelala na wazazi asifunikwe uso, na kitanda kisijazwe mito. Hofu ya baridi imewahi kuziba pumzi za watoto kwa njia hiyo pia.

Mikono ni habari fupi lakini ina takwimu nzuri. Katika mitaa ya walalahoi ya Karachi, Pakistani, utafiti uliochapishwa 2005 ulizipa kaya sabuni ya kawaida na kuzihimiza kunawa. Watoto wa chini ya miaka mitano katika kaya hizo walipata nimonia kwa nusu ya kiwango cha majirani wasiopewa. Sabuni ya kawaida tu, si ya dawa. Maji ya bomba ya Julai huko nyanda za juu yanauma vidole, na ndiyo maana kunawa huwa kwa kulowesha ncha za vidole. Chupa moja ya chai iliyojaa maji ya moto, yakachanganywa na ya baridi kwenye jagi karibu na mlango, inaweza kubadilisha tabia hiyo kuliko mahubiri.

Jua nalo limo kwenye hesabu. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa mwanga wa jua, na bila hiyo mifupa ya mtoto hulainika na miguu kupinda, hali iitwayo matege. Nchi iliyo karibu na ikweta ingedhaniwa haina tatizo hilo. Lakini Ethiopia, nchi ya milima na jua kali, utafiti wa 1997 uliona kwamba watoto waliolazwa kwa nimonia walikuwa na uwezekano wa kuwa na matege mara 13 zaidi ya watoto wengine. Sababu moja ni desturi ya kuwafunika watoto na kuwaweka ndani. Isidhaniwe kwamba vitamini D ya chupa basi ingemaliza jambo: jaribio lililofanyika Kabul, lililotolewa 2012, liliwapa watoto dozi kubwa kila miezi mitatu, na nimonia haikupungua. Matege hudhoofisha kifua kwa sababu mbavu laini hazivuti pumzi sawasawa, na mtoto mwenye matege mara nyingi ana njaa nyingine pia. Kumtoa mtoto nje mchana, mikono na miguu vikiwa wazi kwa muda, hakugharimu kitu na ni kinyume cha kile ambacho wengi hufanya kipupwe kikianza.

Chakula ndicho chenye mkanganyiko mkubwa zaidi, na hapa Tanzania ina funzo chungu. Mikoa yenye baridi kuliko yote ni ghala la taifa: mahindi, viazi, maharage, maziwa, na sasa parachichi linalosafirishwa nje. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano Iringa ukiwa takriban asilimia 57, na Njombe na Rukwa takriban nusu ya watoto, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Chakula kipo shambani na sokoni. Hakifiki kwenye bakuli la mtoto kwa namna na mara anazohitaji. Mama yuko shambani kutwa, mtoto anaachiwa uji mweupe mwepesi wa mahindi, anakula mara mbili, na tumbo lake dogo linajaa maji. Mwili usiopata protini, zinki, chuma na vitamini A ya kutosha hauwezi kutengeneza chembe za kinga wala kutunza utando wa pua na koo. Nimonia ya mtoto aliyedumaa au aliyekonda ni hatari kuliko ya mwenzake, na nimonia yenyewe humrudisha nyuma zaidi kwa kuwa anayeumwa hali. Uji ukiwa mzito, ukachanganywa na maziwa au karanga iliyosagwa, yai likapatikana siku kadhaa za wiki, dagaa wakasagwa kwenye mboga, kipande cha parachichi kikaongeza mafuta yake, kikiambatana na viazi vitamu vya rangi ya machungwa au mchicha, hapo kinga imepewa malighafi. Matone ya vitamini A yanayotolewa kila miezi 6, tangu mtoto akiwa na miezi 6 hadi atimize miaka mitano, yanaongeza uhakika. Kwa aliye chini ya miezi 6, maziwa ya mama peke yake yanatosha, na maji ya moto ya "kumpasha tumbo" hayana kazi.

Na sirapu, je? Wapo watakaosema hata kama haisaidii, haidhuru. Vitamini C ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Majaribio yaliyokusanywa na kupimwa pamoja mwaka 2013 yalionyesha kwamba kwa watu wa kawaida kuinywa kila siku hakuzuii mafua, ila kwa watoto hufupisha siku za kuumwa kwa takriban asilimia 14. Kwa mafua ya siku saba, hiyo ni siku moja. Chungwa na pera vinatoa vitamini hiyo kwa bei ya sokoni. Madhara ya sirapu basi ni ya mfukoni kwanza: fedha ya chupa moja ingenunua trei ya mayai au sehemu yake kubwa. Pili ni ya akili, kwa sababu mzazi aliyekwisha nunua chupa hujiona amemaliza wajibu. Tangawizi, limau na asali ni vya nyumbani na hutuliza koo. Asali imeonyesha kupunguza kikohozi kwa watoto waliozidi mwaka mmoja. Chini ya mwaka mmoja isitumike kabisa, hata kwa kulambisha, kwani huweza kubeba mbegu za bakteria wanaotoa sumu ya kupoozesha mwili wa mchanga. Bibi wengi hawajaambiwa hili, na waambiwe kwa heshima.

Jambo lililobaki ndilo zito kuliko yote, na ndilo linaloahirishwa kwa urahisi zaidi asubuhi ya ukungu. Bakteria wawili, Hib na nyumokokasi, walikuwa wauaji wakubwa wa watoto kwa nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kenya iliingiza chanjo ya Hib mwishoni mwa 2001. Kilifi, ndani ya miaka mitatu, ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulishuka kwa asilimia 88. Mwaka 2011 ikaja chanjo ya nimonia, ile inayoandikwa PCV kwenye kadi ya kliniki, na Tanzania ikaanza kuitoa mwanzoni mwa 2013. Kilifi tena, ugonjwa mkali wa aina za nyumokokasi zilizomo kwenye chanjo ulishuka kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wadogo, na nimonia iliyothibitishwa kwa picha ya eksirei ikapungua kwa asilimia 48. Ulipungua pia kwa vichanga ambao bado hawajafikia umri wa kuchanjwa na hata kwa watu wazima, kwa kuwa wachanjwa waliacha kuusambaza. Hakuna sirapu duniani yenye hesabu kama hizo. Huku ndiko kuijenga kinga kwa maana halisi: mwili unaonyeshwa sura ya adui kabla hajaja.

Kuna wanaosema kinga ya asili, ile ya kuugua, ndiyo imara. Surua inawajibu. Mwaka 2019 watafiti walipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, kabla na baada ya kuugua surua. Ugonjwa ulikuwa umefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao za magonjwa mengine. Mtoto aliyepona surua anaanza upya masomo aliyokwisha kufaulu. Chanjo ya surua, inayotolewa katika miezi 9 na miezi 18, haikufanya hivyo kwa watoto waliochanjwa. Dozi ya pili ndiyo inayosahaulika, maana mtoto anakimbia na hakuna anayeona haja ya kliniki. Na kwa mama anayesita kwa sababu mtoto ana mafua: makamasi na kikohozi chepesi havizuii chanjo. Avae vizuri, abebwe mgongoni ndani ya kitenge, aende.

Pamoja na yote haya, mtoto ataugua. Mafua ya kawaida yanahitaji kunyonya au kunywa mara nyingi, pua kusafishwa kwa maji ya chumvi, na kusubiri. Dawa za kuua bakteria hazigusi virusi, na nusu dozi ya amoksilini iliyobaki kwa kaka yake ni njia ya kufuga vijidudu sugu. Sirapu za kikohozi zilizochanganywa dawa nyingi hazifai kwa watoto wadogo. Kinachotakiwa ni jicho na saa. Mtoto akiwa ametulia, hajalia, fungua nguo uangalie kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi miaka mitano ni pumzi za haraka na zinataka zahanati siku hiyohiyo. Mbavu za chini zikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, asingoje asubuhi. Nimonia huua watoto zaidi ya 700,000 kwa mwaka duniani, na wengi wao walikuwa na saa za kutosha kuokolewa kwa dawa ya bei nafuu na oksijeni. Kikohozi kinachozidi wiki mbili kina swali lake jingine. Hapo mtoto apimwe kifua kikuu, na mtu mzima anayekohoa naye kwenye chumba kimoja apimwe kwanza, kwa sababu mara nyingi ndiye chanzo.